Kwa nini soka inatawala vibanda vya gemu, na hadithi ndefu zinakwama mlangoni

Wengi wanaamini vijana wa Afrika Mashariki hawapendi aina nyingine ya gemu zaidi ya mpira. Ukiangalia namna wanavyolipia, muda wanaopewa na lugha wanayokutana nayo kwenye skrini, utaona sababu nyingine kabisa.

Jumamosi saa nane mchana, kibanda cha gemu cha uswahilini Dar es Salaam huwa kimeshajaa. Runinga nne zimepangwa ukutani, mbele yake mabenchi ya mbao, na feni moja inazungusha joto lile lile. Runinga tatu zinaonyesha soka. Kwenye pedi zake, kile kitufe cha kidole gumba cha kushoto kimelika mpaka mpira wake umeisha, kwa sababu ndicho kinachokimbiza wachezaji uwanjani kutwa nzima.

Ukutani imebandikwa karatasi ya masharti: lipa kabla ya kucheza, ukivunja pedi unalipa, matusi marufuku, mwanafunzi mwenye sare haruhusiwi. Sharti kubwa kuliko yote halijaandikwa popote: anayefungwa analipa na kuinuka, anayeshinda anabaki kumsubiri anayefuata kwenye foleni.

Runinga ya nne iko pembeni, na hapo kijana anacheza Grand Theft Auto: San Andreas. Huyu amelipia muda. Dakika zake zikiisha pedi inachukuliwa, hata kama yuko katikati ya kufukuzana na polisi. Hadithi ya gemu lenyewe, ilikoanzia na inakoishia, hana habari nayo. Anaendesha magari, anapanda mlima kwa baiskeli, anaruka na parachuti, basi.

Vibanda vya namna hii utavikuta Mwanza, Mombasa, Nairobi na Kampala, na karibu kote soka ndiyo inayoshika runinga nyingi. Ukiuliza sababu, jibu huwa limeshaandaliwa: vijana wetu wanapenda mpira, mengine hawayataki.

Jibu hilo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ina uzito. Aina ya gemu inapokewa vizuri au vibaya kulingana na mlango inaopitia kumfikia mchezaji: analipaje, anakaa kwa muda gani, mashine gani ipo mbele yake, na anasemeshwa kwa lugha ipi. Mlango wa kibanda umejengwa kwa vipimo vya mechi moja ya mpira, na gemu lisiloenea hapo linabaki nje.

Sarafu iliyozaa gemu fupi

Hali hii haikuanzia kwetu. Aina za kwanza za gemu zilizopendwa na mamilioni ya watu zilizaliwa katika kumbi za Japani na Marekani, ambako mchezaji alitumbukiza sarafu kwenye mashine na kucheza, mara nyingi akiwa amesimama.

Mwaka 1978 Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito alitoa Space Invaders, gemu la kufyatulia risasi wavamizi wanaoshuka kutoka angani. Kadiri wavamizi wanavyopungua ndivyo wanavyoongeza kasi, mpaka mchezaji anazidiwa. Mwaka 1980 Toru Iwatani wa Namco akaleta Pac-Man, akiwa na nia ya kuwavuta wanawake katika kumbi zilizokuwa zimejaa wanaume.

Magemu hayo mawili hayafanani, lakini yote yalianza haraka, yalieleweka bila maelezo na yalizidi kuwa magumu ili mchezaji aishiwe na atoe sarafu nyingine. Mwenye ukumbi hakuwa na faida yoyote kwa mtu anayecheza saa tatu kwa sarafu moja.

Hadithi ndefu zilipata nafasi gemu lilipohamia sebuleni. The Legend of Zelda, lililotoka Japani mwaka 1986, lilimruhusu mchezaji kuhifadhi alipofikia. Lilipofika Marekani mwaka 1987, kaseti yake ilikuwa na betri ndogo ndani iliyolinda kumbukumbu hata mashine ikizimwa. Mtoto alicheza leo, akalala, akaendelea kesho pale pale alipoachia. Hapo ndipo aina za gemu zinazohitaji saa ishirini au arobaini zilipoota mizizi.

Vibanda vyetu viko karibu zaidi na kumbi zile za sarafu kuliko sebule zile. Mashine imetoka ng'ambo ikiwa na magemu yaliyotengenezwa kwa ajili ya mtu anayeimiliki na kukaa nayo nyumbani, lakini hapa inatumiwa na watu wengi kwa siku, kila mmoja kwa zamu yake fupi.

> *Gemu la saa arobaini halina mahali pa kukaa katika kibanda kinachouza dakika kumi kumi.*

Soka: sheria zinajulikana, lugha haihitajiki

Gemu la mpira linaingia katika mlango huo bila kuinama. Kila kipindi kinawekwa dakika nne hadi sita, mechi inaisha, mshindi anajulikana, pesa inalipwa. Watu wawili wanacheza, kumi wanatazama, na kati ya hao kumi kuna mtangazaji asiyelipwa anayemtania anayefungwa.

Jambo la pili ni kwamba hakuna anayehitaji kufundishwa. Mtoto wa miaka tisa anajua kuotea ni nini, kona ni nini na kadi nyekundu inatolewa kwa kosa gani. Maandishi ya Kiingereza kwenye skrini anayapita kwa kukariri: bonyeza hapa, bonyeza hapa, chagua timu.

Kwa miaka mingi ushindani ulikuwa kati ya mfululizo wa FIFA wa kampuni ya EA, ulioanza mwaka 1993, na ule wa Pro Evolution Soccer wa Konami, ambao kila mtu huuita PES. Kila upande ulikuwa na mashabiki wake, na ubishi wa ni upi wenye mpira wa kweli haukuwahi kwisha.

Mwaka 2021 Konami iliachana na jina la PES, ikatoa eFootball bila malipo. Toleo la kwanza lilipokewa vibaya duniani kote. Nyuso za wachezaji zilipinda, mienendo ikawa ya ajabu, na picha zake zikasambaa watu wakicheka. EA nayo iliachana na jina la FIFA, na tangu Septemba 2023 gemu lake linaitwa EA Sports FC.

Mtaani, mabadiliko hayo yote yanafika kwa kuchelewa. Mwenye kibanda hanunui gemu jipya kila mwaka. Anatafuta anayeweza kumwekea vikosi vipya ndani ya gemu la zamani. Vijana wa Tanzania wamekwenda mbali zaidi kwenye simu. Wanachukua PES ya zamani inayochezwa kwa PPSSPP, programu ya kuigiza mashine ya gemu, wanaivisha jezi za klabu za Simba na Yanga, na kuisambaza.

Hapo mpokeaji amegeuka mtengenezaji. Konami haikumletea ligi yake, akaishona mwenyewe, na kazi hiyo inadai ujuzi wa kuhariri picha, kupanga mafaili na kuelewa gemu linavyoendeshwa kwa ndani. Ni ujuzi ambao hakuna aliyempa cheti chake.

Ngumi: anayeanza anapata nafasi

Aina ya pili inayoishi kibandani ni ya mapigano, hasa Tekken na Mortal Kombat. Nayo ina vipimo vya kibanda: raundi ni ya dakika moja hivi, wachezaji ni wawili, na matokeo hayana ubishi.

Tekken 3 ilipoletwa kwenye PlayStation mwaka 1998 ilikuwa na mhusika aitwaye Eddy Gordo, Mbrazili anayepigana kwa capoeira, mchezo uliokuzwa na Waafrika waliopelekwa utumwani Brazil. Eddy alipendwa na kila anayeanza, maana hata ukibonyeza vitufe bila mpango miguu yake inachora duara na adui anaanguka. Wazoefu walimchukia kwa sababu hiyo hiyo. Ubishi wa kama kumchagua Eddy ni ujanja au ni woga umewahi kuchelewesha foleni nyingi.

Katika aina hii Afrika Mashariki imetoa jina. Sylvia Gathoni wa Kenya, anayejulikana kama QueenArrow, alisajiliwa na timu ya Marekani mwaka 2018 kucheza Tekken, na anatajwa kuwa Mkenya wa kwanza kusajiliwa na timu ya kimataifa ya michezo ya kielektroniki. Mwanamke aliyeingia katika uwanja uliojaa wanaume akatambulika kwa kiwango chake ni jibu kwa wanaodhani kibanda ni mahali pa wavulana peke yao, ingawa mpaka leo wasichana wengi wanapita nje wakichungulia tu.

San Andreas bila hadithi yake

Turudi kwa yule kijana wa runinga ya nne. San Andreas lilitoka mwaka 2004. Mhusika wake mkuu, Carl Johnson, ni kijana mweusi anayerudi nyumbani mwaka 1992 kumzika mama yake, katika jiji lililochorwa kwa mfano wa Los Angeles. Ndani yake kuna usaliti wa marafiki, polisi wala rushwa na familia inayovunjika. Ni hadithi ya saa nyingi.

Kibandani hadithi hiyo haichezwi, na chanzo chake kilikuwa cha kiufundi kabisa. Mashine ya PlayStation 2 ilihifadhi maendeleo ya mchezaji kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu ya megabaiti 8, iliyouzwa kando. Kibanda chenye kadi moja kwa wateja hamsini hakikuweza kumtunzia kila mmoja alipofikia. Ulihifadhi leo, kesho ukakuta mwenzako amehifadhi juu yako.

Kwa hiyo wachezaji walibuni namna yao. Madaftari ya shule yalijaa orodha za vitufe vya siri: R1, R2, L1, X, kushoto, chini, kulia, juu, kushoto, chini, kulia, juu. Ukiibonyeza kwa mfuatano huo, afya inajaa, unavaa fulana ya kuzuia risasi na unapata dola 250,000. Mfuatano mwingine unaleta silaha, mwingine kifaru. Waliokuwa shule ya msingi wakati huo wanaikumbuka mpaka leo bila kutazama karatasi.

Ukimtazama kijana huyo kwa haraka utasema anapenda vurugu. Ukimtazama kwa utulivu utaona ametengewa dakika thelathini ndani ya jiji zima, na anazitumia kwa njia pekee yenye maana: kuona mengi iwezekanavyo kabla pedi haijachukuliwa.

> *Vitufe vya siri vilikuwa dawa ya kukosa kadi ya kumbukumbu.*

Kiswahili kinasikika, lakini kwa kinywa cha nani?

Lugha ni kizingiti cha pili. Gemu la hadithi linasemwa na kuandikwa kwa Kiingereza, na mchezaji asiyekimudu anaona midomo ikitembea bila kujua amepewa kazi gani. Anakwama misheni ya pili, anarudi kwenye mpira.

Kiswahili kimeingia katika magemu makubwa ya dunia, ila kwa njia ambazo Mswahili ana haki ya kuzijadili. Mwaka 2009 kampuni ya Capcom ilitoa Resident Evil 5, gemu la kutisha linalofanyika Kijuju, mahali pa kubuni Afrika Magharibi. Watu waliogeuzwa na vimelea wanaitwa Majini, na wanapomkimbilia mchezaji na mapanga wanapiga kelele kwa Kiswahili.

Picha za kwanza zilipoonyeshwa mwaka 2007, zikiwa na mzungu anayefyatulia risasi umati wa Waafrika, mjadala mkali uliibuka Marekani na Ulaya kuhusu ubaguzi. Mjadala huo ulisahau kidogo upande wa anayeielewa lugha. Kwa mchezaji wa Tanga au Lamu, sauti iliyotengenezwa iwe kelele za kigeni za kuogofya ilikuwa sauti ya watu wake. Gemu halikumtarajia kuwa mchezaji; lilimtarajia kuwa adui.

Upande wa magemu ya mkakati, hali ni ya heshima zaidi. Civilization IV la mwaka 2005 linafunguliwa na wimbo Baba Yetu, Sala ya Bwana kwa Kiswahili, uliotungwa na Mmarekani Christopher Tin. Mwaka 2011 ulishinda tuzo ya Grammy, ukiwa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu kupata tuzo hiyo. Katika Civilization VI la mwaka 2016, Zanzibar ni dola-mji, na mchezaji anayepata ushawishi wa juu kwake anajipatia mdalasini na karafuu.

Magemu ya mkakati yangestahili kuwa na wapenzi wengi katika pwani hii. Hapa ndipo panapochezwa bao, mashimo 32 na kete 64, na wazee wa barazani wanaohesabu mizunguko kadhaa mbele kabla ya kushika kete. Kichwa cha kufikiri kwa namna hiyo tunacho. Lakini mchezo mmoja wa Civilization unaweza kuchukua siku, unataka kompyuta na unataka kusoma Kiingereza kingi. Hauwezi kuuzwa kwa mechi.

Gemu lililokaribia zaidi kusema nasi ni Tales of Kenzera: Zau, lililotoka Aprili 2024. Aliyeliongoza ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, aliyekuwa sauti ya mhusika Bayek katika gemu la Assassin's Creed Origins. Alilitengeneza kutokana na huzuni ya kumpoteza baba yake.

Ndani yake kijana mganga aitwaye Zau anaweka mapatano na Kalunga, mungu wa mauti: amletee roho tatu kuu, naye arudishiwe baba yake. Anavaa vinyago viwili, cha jua na cha mwezi, kila kimoja na nguvu zake. Hadithi hiyo yote ni kitabu ambacho kijana mwingine, Zuberi, ameachiwa na baba yake katika jiji la Amani. Gemu lina sauti za Kiswahili. Mwaka 2025 lilishinda tuzo ya BAFTA inayotolewa kwa magemu yanayovuka mipaka ya burudani.

Sasa tazama mlango wake. Linachezwa kwenye PlayStation 5, Xbox za kizazi kipya, Nintendo Switch na kompyuta. Kwenye PlayStation 4 halipo, wala PlayStation 3, mashine ambazo ndizo zinazobeba vibanda. Bei yake ilikuwa dola 20 hivi. Kijana ambaye angemwelewa Zau bila kusoma tafsiri ndiye aliye mbali naye kuliko wote.

> *Gemu lenye sauti za Kiswahili limepita juu ya vichwa vya wanaokizungumza.*

Hofu ya mzazi, hoja ya mwenye kibanda

Wazazi wengi hawana muda wa kutenganisha aina hizi. Kwao gemu ni gemu: linakula pesa ya nauli, linamtoa mtoto shuleni, linamfundisha matusi na ngumi. Hofu hiyo ina msingi na haipaswi kubezwa. Watoto wanaotoroka vipindi wapo, na vibanda vinavyowapokea wakiwa wameficha sare kwenye mfuko wa rambo vipo pia.

Shirika la Afya Duniani liliingiza tatizo la uraibu wa gemu katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 1, 2022. Vigezo vyake ni vizito: mtu ameshindwa kujizuia, ameweka gemu mbele ya kila kitu maishani, anaendelea ingawa linamharibia, na kwa kawaida hali hiyo imedumu miezi 12 au zaidi. Mtoto anayechelewa kurudi nyumbani Jumamosi hajafika huko, lakini mzazi anayeona dalili hizo zote ana haki ya kutafuta msaada wa kitabibu.

Kuhusu vurugu, Marekani ililumbana mapema. Mortal Kombat la mwaka 1992, lenye damu na mtu kung'olewa kichwa, lilifikishwa mbele ya maseneta Desemba 1993. Mwaka uliofuata watengenezaji walianzisha bodi ya kupanga magemu kwa umri. Ulaya ilipata mfumo wake, PEGI, mwaka 2003. Tangu hapo karibu kila kasha la gemu linalouzwa huko lina alama ya umri.

Kibandani hakuna kasha. Gemu limenakiliwa ndani ya mashine, na mteja anaona picha ndogo kwenye skrini tu. San Andreas, lililopangiwa watu wazima, linakaa jirani na soka inayomfaa mtoto wa miaka mitatu kwa vipimo vya PEGI. Alama iliyowekwa kumsaidia mzazi haimfikii mzazi.

Wenye vibanda nao wana hoja yao. Wanalipa kodi ya pango na umeme, wanatengeneza pedi kila wiki, na wanasema kijana aliye kibandani anaonekana, tofauti na aliyejificha kusikojulikana. Hoja hiyo ina nguvu pale tu kibanda kinapokuwa na masharti yanayofuatwa. Karatasi ya ukutani isiyosimamiwa haimlindi mtoto yeyote.

Simu inabadilisha vipimo

Mlango mpya umefunguka mfukoni. Free Fire, PUBG Mobile na Call of Duty: Mobile yameleta aina ambayo kibanda hakikuweza kuibeba: watu kwa makumi wanaoshuka kisiwani na kupigana mpaka abaki mmoja au kikosi kimoja. Gemu ni la bure, maendeleo yanahifadhiwa, na rafiki anaweza kuwa Arusha wakati wewe uko Bujumbura.

Gharama imehamia kwenye bando na kwenye manunuzi ya ndani: nguo za mhusika, rangi za bunduki, na visanduku ambavyo hujui kilichomo mpaka ulipe. Katika soka kuna pakiti za wachezaji zinazouzwa kwa namna hiyo hiyo. Mwaka 2018 wasimamizi wa michezo ya kubahatisha Ubelgiji waliamua kwamba baadhi ya visanduku hivyo ni kamari, na mwaka 2019 EA ikaacha kuuza nchini humo sarafu za FIFA zinazonunulia pakiti.

Kwa mzazi wa hapa, hili ni la kuangaliwa kwa makini zaidi kuliko damu ya kwenye skrini. Mtoto anayejua namba ya siri ya pesa za simu za mama yake anaweza kulipia kisanduku kabla chai haijapoa. Kibandani alikuwa akiishia kwenye mia tano aliyopewa; kwenye simu hakuna mtu wa kumnyang'anya pedi.

Lakini mlango huo huo ndio unaowapa nafasi watengenezaji wa kwetu. Nairobi X la mwaka 2015, la Andrew Kaggia, lilimweka mchezaji katika mitaa ya Nairobi iliyovamiwa na viumbe kutoka anga za mbali. Ma3Racer liliwapa Wakenya usukani wa matatu kwenye simu zao. Hayakuwa na fedha za EA, ila yalionyesha kuwa mtaa wa mchezaji unaweza kuwa uwanja wa gemu.

Somo kutoka vijiji vya Tanga

Ushahidi mkubwa kuliko wote kwamba mlango ukipanuliwa aina nyingine hupokewa ulipatikana mkoani Tanga. Kati ya mwaka 2017 na 2019, katika shindano la Global Learning XPRIZE lenye zawadi ya jumla ya dola milioni 15, watoto wapatao 3,000 katika vijiji 170 hivi walipewa vishikwambi vyenye magemu ya kujifunzia kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Vijijini viliwekwa vituo vya kuchajia kwa umeme wa jua.

Kabla ya kuanza, asilimia 74 ya watoto hao hawakuwahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019 zawadi kuu ya dola milioni 10 iligawanywa kati ya onebillion ya Uingereza na Kitkit School iliyotengenezwa na kampuni yenye ofisi Korea Kusini na Marekani, na programu zao zikaachwa wazi ili yeyote azitumie.

Hakuna aliyesema watoto wa Tanga wanapenda mpira tu. Waliwekewa mashine, umeme, muda na lugha yao, wakacheza kile walichopewa na kikawafundisha wengi wao kusoma.

Kinachotakiwa sasa

Mzazi aanze kwa kuuliza swali sahihi. Kumuuliza mtoto kama anacheza gemu hakuna faida. Amuulize anacheza gemu gani, na nani, linaishaje na linalipiwaje. Majibu manne hayo yatamtofautishia soka ya dakika kumi na kisanduku cha bahati nasibu, na yatamwonyesha wapi pa kukaza na wapi pa kulegeza.

Mwenye kibanda ana uwezo wa kufanya zaidi ya kubandika karatasi. Atenge runinga za magemu ya watu wazima upande wake, afunge saa za masomo, na aweke siku moja ya mteja wa hadithi, anayelipia saa mbili na kutunziwa alipofikia. Mashine za siku hizi zinaruhusu kila mteja kuwa na akaunti yake. Kikwazo cha kadi ya megabaiti 8 kilishapita zamani, ila mazoea yake yamebaki.

Halmashauri zinazofunga vibanda kwa msako mmoja na kuviacha vifunguliwe wiki inayofuata hazimsaidii mtu. Leseni yenye masharti ya umri na saa, inayokaguliwa, ingewatenganisha wanaofanya biashara safi na wanaopokea watoto wa shule.

Na watengenezaji wa Dar es Salaam, Nairobi na Kigali wasidanganywe na zile runinga tatu za mpira. Soko la hadithi lipo. Linasubiri gemu la simu lenye sura fupi za dakika kumi, sauti za Kiswahili chetu na bei ya jero, lisilokula bando. Vijana walioweza kuivisha PES jezi za Simba na Yanga bila kulipwa na mtu wanaweza kulitengeneza, wakipata mtaji na mafunzo. Wapewe.